Kiti cha Nne: Uchambuzi wa Kisa cha Mjadala Mmoja katika Tamasha la Fasihi la Waasia wa Ughaibuni

Kisa hiki kilitokea mwaka 2022 katika mji mmoja wa katikati mwa Uingereza. Majina ya watu, ya tamasha na ya mji yameondolewa, na mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa bila kugusa mpangilio wa matukio. Nilikuwepo kwa sababu waandaaji walitaka mtu wa kushughulikia upande wa Kiswahili. Tamasha lilipokwisha wakaniomba niwaandikie tathmini. Haya ni sehemu ya tathmini hiyo, katika lugha ambayo wahusika wengi wanaielewa kuliko wanavyokiri.

Usuli

Tamasha lenyewe ni dogo: siku tatu za msimu wa vuli, kumbi mbili na chumba cha chai, waajiriwa wawili na kundi la wanaojitolea. Linasherehekea waandishi na fikra za Waasia wanaoishi nje ya Asia. Kwenye vipeperushi Asia hiyo inaanzia Karachi mpaka Manila. Kwenye foleni ya tiketi, wengi ni watu wenye asili ya Gujarati na Punjab, na sehemu kubwa yao hawakufika Uingereza moja kwa moja kutoka Bara Hindi. Walipitia Kampala, Jinja, Kisumu, Nakuru, Mwanza, Dar es Salaam. Utamwona mzee anaagiza chai kwa Kiingereza, anamgombeza mkewe kwa Kigujarati, halafu akikutana na mtu aliyesoma naye anaangua kicheko kwa Kiswahili.

Walitoka Afrika Mashariki kwa njia tatu tofauti, na asiyezitofautisha hatakielewa kisa hiki. Nchini Kenya, sheria za mwaka 1967 za uhamiaji na za leseni za biashara ziliwabana wasio raia. Wenye pasi za Uingereza wakaanza kukimbilia London, na Bunge la huko likapitisha mbiombio sheria ya kuwafungia mlango, iliyoidhinishwa tarehe 1 Machi 1968. Tanzania haikumfukuza mtu. Kilichowaondoa wengi ni hofu iliyofuata Azimio la Arusha la 1967 na sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Sheria hiyo haikutaja rangi ya mtu, ila kila mmoja alijua nyumba za ghorofa za katikati ya mji zilikuwa za nani. Uganda ndiyo iliyotangaza. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alisema Waasia waondoke, wakapewa siku 90. Kiasi cha watu 28,000 wakaishia Uingereza, na wengi walipokelewa kwanza katika kambi za zamani za jeshi. Septemba mwaka huohuo halmashauri ya Leicester ilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende Leicester. (Msomaji asikimbilie kukisia: miji ya Uingereza yenye wazee waliotoka Jinja ni mingi.)

Mwaka 2022 ulikuwa wa hamsini tangu tangazo la Amin. Waandaaji wakaweka mjadala mkubwa Jumamosi mchana, wakauita "Siku Tisini". Jukwaani walipangwa watatu: mwandishi wa riwaya aliyezaliwa Kampala na kuondoka akiwa na umri wa miaka tisa, mwanahistoria wa chuo kikuu, na mshairi kijana, mzaliwa wa Uingereza, ambaye wazazi wake walitoka Nakuru mwaka 1968. Mwendeshaji alikuwa mtangazaji wa redio. Maelezo ya kijitabu cha programu yaliandikwa na mwanakamati mmoja usiku wa kuamkia siku ya kupeleka kazi kwa mchapaji, nayo yalisema mjadala utawaenzi "watu walioujenga uchumi wa Uganda wakanyang'anywa kila kitu".

Barua na simu

Programu ilipotangazwa, mmoja wa wanaojitolea aliandika barua pepe kwa mratibu. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, Mganda, aliyekulia mashariki mwa nchi karibu na mpaka wa Kenya. Barua ilikuwa fupi na yenye adabu. Alisema sentensi ya "walioujenga" inawafuta wakulima, kwa maana pamba haikuota kwenye vinu vya kuichambulia. Alisema wote watatu waliopangwa walisimama upande mmoja wa kaunta ya duka. Akaongeza, kwa upole, kwamba mshairi wao hana uhusiano na Uganda hata kidogo.

Aliomba mambo mawili: sentensi irekebishwe, na mwendeshaji aandaliwe kuuliza habari za watu waliofanya kazi kwenye maduka na majumba yale. Hakuomba mtu aongezwe jukwaani. Nalisisitiza hili kwa kuwa miezi miwili baadaye kisa kilikuwa kikisimuliwa mjini kana kwamba ndiye aliyedai.

Mwanakamati mmoja aliituma barua hiyo kwa mfanyabiashara aliyelipia ukumbi mkubwa, "kwa taarifa tu". Baba yake mfanyabiashara huyo alikuwa na duka la vitambaa katika mji mdogo wa Uganda. Akampigia mratibu simu jioni ileile. Nimeisoma kumbukumbu aliyoiandika mratibu baada ya mazungumzo, na maneno ya mfadhili yalikuwa takriban haya: "Sisi hatukuwa watawala. Baba yangu alishuka Stansted na pauni hamsini mfukoni. Mwaka wa hamsini huu mnataka tukaripiwe hadharani?"

Sioni sababu ya kumfanya mtu huyu awe mbaya wa hadithi. Alichosema kuhusu baba yake kilikuwa kweli. Alichosema mwanafunzi nacho kilikuwa kweli.

Uamuzi wa kwanza: kuongeza kiti

Kamati ilikutana. Mezani kulikuwa na njia nne: kuacha kila kitu kama kilivyo, kuugawa mjadala mara mbili, kuufuta, au kuongeza msemaji wa nne, Mganda Mwafrika. Walichagua kuongeza. Sababu zao zilieleweka. Kijitabu kilikuwa tayari kwa mchapaji, ila bango la ukumbini lilikuwa bado. Mfuko wa umma uliotoa ruzuku ulitaka kuona "ujumuishi" kwenye ripoti ya mwisho. Zaidi ya hayo, kumwongeza mtu hakukumwondoa yeyote, hivyo mfadhili asingeudhika sana na mwanafunzi angeridhika. Sentensi ya kijitabu ikaachwa. Yaani ombi jepesi kuliko yote, ambalo lingemaliza nusu ya malalamiko kwa dakika moja ya kalamu, halikujadiliwa kabisa kwenye kikao kile. Nimeupitia muhtasari wake, halimo.

Wakampata mwandishi mmoja Mganda anayeishi London. Ana riwaya mbili, moja kuhusu ndoa, nyingine kuhusu timu ya mpira ya shule ya wasichana. Hamna Mhindi hata mmoja katika vitabu vyote viwili, hata wa kupita njia. Yeye mwenyewe alizaliwa baada ya 1972. Alialikwa zikiwa zimebaki wiki mbili hivi, kwa ujira wa nusu ya ule wa wenzake, kwa kuwa fungu la wasemaji lilikuwa limekwisha. Alikubali, akaomba kuona maswali.

Mwendeshaji alimtumia. Mwandishi wa riwaya angeulizwa kuhusu lugha, kumbukumbu, na nyumba zinazoandikwa kutoka mbali. Mshairi angeulizwa kuhusu kurithi huzuni asiyoiishi. Yeye angeulizwa Waganda walijisikiaje Waasia walipoondoka, kama wanajuta, na kama Waasia wangekaribishwa leo.

Siku tatu kabla ya tamasha alijitoa. Aliandika aya moja, bila ukali, kwamba ameitwa kujibu mashtaka ya taifa zima kuhusu jambo lililotokea hajazaliwa, na kwamba mshairi, ambaye ni rafiki yake, amemtajia kiasi anacholipwa.

Uamuzi wa pili: kuupasua mjadala

Hapa ndipo mratibu, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akitekeleza tu maamuzi ya wengine, alipochukua hatua yake. Kamati ilimtaka atafute Mganda mwingine haraka. Kuna jina la daktari mstaafu lilitajwa, kisha la mchungaji. Alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba kama kiti kinaweza kukaliwa na mwandishi, au daktari, au mchungaji, basi kiti hicho hakimhitaji mtu, kinahitaji sura.

Kabla ya kuamua lolote alimpigia simu mwandishi wa riwaya kumjulisha kilichotokea. Akitarajia lawama, alikutana na kitu kingine. "Na mimi pia mmeniita ushahidini," yule bwana alimwambia. "Nilikuwa na miaka tisa. Ninachokumbuka ni mbwa wetu kubaki getini. Nimeandika kurasa mia tatu ili mtu asiniulize nilijisikiaje."

Kwa maoni yangu simu ile ndiyo iliyookoa Jumamosi. Mratibu aligundua kwamba Mganda aliyejitoa na Mhindi aliyebaki wana lalamiko moja. Akaupasua mjadala sehemu mbili zisizofanana.

Ukumbi mkubwa ulirudishwa kwa vitabu. Mwanahistoria angefungua kwa robo saa ya nyaraka, kisha mwandishi na mshairi wangesoma kurasa zao na kuzungumza namna zilivyoandikwa. Mwendeshaji aliambiwa waziwazi asimwulize yeyote alijisikiaje. Chumba cha chai, kwa upande wake, kilitengwa kwa wazee saa mbili nzima baada ya mjadala: hakuna jukwaa, hakuna kipaza sauti, hakuna kurekodi, hakuna mwandishi wa habari. Lugha yoyote. Wenyeji wawili: mwanafunzi aliyeandika barua, na mama mmoja wa Kisumu, fundi wa nguo mstaafu, ambaye mtaani kwake hakuna harusi inayopangwa bila yeye. Sharti la mwanafunzi kukubali lilikuwa kwamba sentensi ya kijitabu isahihishwe mbele ya watu. Mratibu aliahidi.

Mfadhili alijulishwa kwa simu, baada ya uamuzi.

Siku yenyewe

Mratibu alisimama kabla ya mjadala, akaisoma sentensi ya kijitabu, akasema haikuwa sahihi na kwa nini. Baadhi walinung'unika. Mwanahistoria akaendelea pale pale: ghasia za Buganda za 1949, ambapo mojawapo ya madai ilikuwa wakulima waruhusiwe kuchambua pamba yao wenyewe, mgomo wa 1959 wa kutonunua kwenye maduka ya Wahindi, sheria ya leseni za biashara ya 1969, wakati wa Obote, miaka mitatu kabla ya tangazo la Amin. Hakulaumu mtu. Alionyesha tarehe tu, na tarehe zilitosha kuufanya mwaka 1972 usionekane umeshuka kutoka mbinguni.

Mwandishi wa riwaya alisoma kurasa ambazo familia inapima mizigo sebuleni kwa mizani ya dukani. Mshairi aliwaambia watu kwamba wazazi wake hawakuwahi kukanyaga Uganda, na kwamba anaandika juu ya uwanja wa ndege na pasi ambayo nchi iliyoitoa haitaki kuitambua. Nilimwona mama aliyekaa mbele yangu akimgeukia jirani yake kumwambia kwamba yeye pia ni wa mwaka huo, wa Kenya, na kwamba amechoka kuulizwa habari za Amin.

Kulikuwa na dosari. Wakati wa maswali mzee mmoja alisimama akadai kujua kwa nini hakuna aliyezungumzia unyama wa Amin, akaendelea kwa dakika nyingi, na mwendeshaji akashindwa kumkatiza kwa heshima. Wangeweza kumwelekeza chumba cha chai. Hakuna aliyekumbuka.

Chumba cha chai kilijaa hadi watu wakakaa kwenye vizingiti vya madirisha. Mama wa Kisumu hakufungua kwa hotuba. Aliuliza kwa Kiswahili swali moja: "Ufunguo mliuacha kwa nani?"

Ukimya, kisha majibu yakaanza kumiminika. Mmoja aliuacha kwa jirani Mgoa ambaye naye aliondoka wiki iliyofuata. Mmoja aliutupa chooni kwa hasira. Mfadhili wetu, aliyekuwa amesimama karibu na mlango akiwa na koti mkononi kama mtu asiyekusudia kukaa, alisema baba yake alimwachia fundi cherehani aliyekuwa akishona barazani kwao. Alilikumbuka jina lake la kwanza. La pili hakuwahi kulijua.

Muuguzi mstaafu, Mganda, akaeleza upande wa pili wa mlango. Mjomba wake alikuwa na rafiki jeshini, akagawiwa duka, akawa miongoni mwa wale matajiri wa ghafla ambao Waganda waliwaita mafuta mingi. Kibao cha mwenye duka hakikushushwa. Mjomba hakujua bei ya kitu chochote, wala wa kumuuzia mali nyingine hakumjua. Baada ya miezi kadhaa rafu zikabaki na misumari na mipira ya kubania soksi. Alisimulia na kile kichekesho ambacho kila Mganda wa umri wake anakijua, cha mashati kuuzwa kwa kufuata namba ya kola, kola ya 15 shilingi 15. Wahindi waliokuwamo walicheka kwa sauti kubwa zaidi; nao walikuwa wakisimuliana kichekesho hichohicho kwa miaka hamsini, kila upande ukidhani ni chake.

Mambo hayakwenda laini mpaka mwisho. Bwana mmoja alitamka kwamba Waafrika "waliachiwa vitu vya bure". Mwanafunzi akamjibu kwamba bibi yake alilea watoto wawili wa familia ya Kihindi, akafukuzwa kazi kwa bangili iliyopotea, na bangili ikaja kuonekana nyuma ya kabati. Sauti zilipanda. Mama wa Kisumu alimshika mwanafunzi mkono, akasema, "Mwanangu, maliza unachosema," kisha akamgeukia yule bwana: "Na wewe kaa, chai yako inapoa." Mwanafunzi alimaliza. Yule bwana hakuomba radhi, lakini hakuondoka.

Vijana kadhaa waliosimama mlangoni hawakufuata neno. Wazee wao walikuwa wakizungumza Kiswahili ambacho nyumbani hutumika pale watoto wasipotakiwa kuelewa. Wengi waliondoka baada ya dakika chache.

Matokeo

Mwaka uliofuata mfadhili alipunguza mchango wake nusu, tena kwa sharti kwamba utumike kwa baraza la wazee la chumba cha chai pekee. Tamasha lilikubali baada ya mabishano marefu, na ukumbi mkubwa ukakosa wa kuulipia. Mwanafunzi hakurudi kujitolea; alisema kazi aliyoifanya ilikuwa ya mtaalamu na ililipwa kwa vocha ya chakula. Mwandishi Mganda alilipwa ujira wake wote, sawa na wenzake, ingawa kwa kuchelewa na kwa kusukumana. Alialikwa tena kuzungumza na mwandishi wa asili ya Kifilipino kuhusu riwaya za michezo. Alikuja. Watazamaji walikuwa wachache, na kwa niliyosikia yalikuwa mazungumzo bora ya tamasha zima.

Ripoti ya ruzuku ilipita bila swali. Hilo halinipi faraja: ingepita vilevile hata kama kiti cha nne kingekaliwa na mchungaji.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilifanyika mapema, na lilikuwa la aina ya swali. Kamati ilipokea barua inayohusu ukweli wa sentensi na maandalizi ya mwendeshaji, ikaigeuza kuwa suala la idadi ya watu jukwaani. Ni rahisi kuona kwa nini. Idadi hupigwa picha. Sentensi iliyosahihishwa haionekani kwenye picha, na mwendeshaji aliyesoma vizuri anaonekana sawa na asiyesoma. Ila kiti kilichoongezwa dakika za mwisho kinakuja na kazi yake tayari, na kazi hiyo ni kuwasemea wengine wote. Mtu akikubali kukikaa, kila atakalosema litapimwa kama kauli ya Waganda. Akikataa, itasemwa kwamba aliitwa akakataa. Bora wangeacha watatu na kukiri wazi kwamba ni watatu.

Chini ya kosa hilo kuna jambo linaloyahusu matamasha ya namna hii karibu yote. Mwandishi wa ughaibuni anaalikwa kwa jina la kitabu chake, akifika anaulizwa habari za mama yake. Kitabu kinakuwa kisingizio cha kupata ushuhuda. Waandaaji hawana nia mbaya: ushuhuda unauza tiketi, na wasikilizaji wengi wana njaa halali ya kusikia mambo ambayo wazazi wao hawakuwaambia. Tatizo ni kwamba ushuhuda una kanuni zake. Shahidi huulizwa kama alikuwepo, nani mwingine aliona, na kwa nini upande wa pili haujaitwa. Tamasha likishageuza jukwaa kuwa kizimba, ugomvi wa nani ashuhudie hauepukiki, na hapo mwanafunzi ana haki kabisa kuuliza na mfadhili ana haki kabisa kuumia. Riwaya kwa upande wake haiulizwi kama ilikuwepo. Mwandishi wa miaka tisa getini na mbwa anaweza kuandika akili ya askari aliyekuja kuhesabu samani, tukampima kwa ukurasa.

Ndiyo sababu kuupasua mjadala kulifanya kazi kuliko kuupanua. Wazee walikuwa na ushuhuda. Wakapewa chumba chake, pamoja na watu wa upande wa pili wa kaunta. Waandishi walikuwa na vitabu, wakaachiwa vitabu. Mratibu alipata hili kwa simu ya bahati. Hakuna sababu ya tamasha lingine kusubiri bahati: kumwuliza kila mwalikwa, kabla ya kuandika maelezo ya mjadala, angependa aulizwe nini, ni kazi ya nusu siku.

Pamoja na hayo, hoja ya mwanafunzi haikujibiwa yote. Ukumbini, Jumamosi ile, hakukuwa na mwandishi Mwafrika. Na hili lilikuwa na dawa ambayo haikuhitaji kubahatisha, kwa kuwa fasihi ya Afrika Mashariki ina historia ya watu hawa kuandika pamoja. Rajat Neogy, mwana wa Kampala mwenye asili ya Bengal, alianzisha jarida la Transition mwaka 1961, na humo Waafrika na Waasia walibishana wazi kuhusu lugha, siasa na fasihi mpaka serikali ya Obote ikamtia ndani mwaka 1968. Peter Nazareth, Mganda mwenye asili ya Goa, alitoa riwaya mwaka uleule wa 1972, ameiandika kabla ya tangazo, na ndani yake Mgoa anayejihusisha na siasa za nchi mpya anaishia kuondoka. Mjadala kuhusu jarida lile tu, wenye wasemaji wawili waliolisoma, mmoja Mganda Mwafrika na mmoja Mganda Mhindi, ungewaweka wote wawili jukwaani kwa sababu ya akili zao. Hakuna ambaye angemwita mwenzake mashtakani. Nilipolitaja hili kwenye tathmini, mwanakamati mmoja aliniambia kwamba majarida hayauzi tiketi. Labda. Lakini mwaka wa hamsini ungekuwa umeyauza.

Kuchanganya njia tatu za kuondoka kulikuwa kosa dogo lenye madhara makubwa. Mshairi wa Nakuru aliwekwa kwenye mjadala wa Uganda kwa kuwa kwa macho ya waandaaji Mhindi wa Afrika ni Mhindi wa Afrika. Ni uzembe uleule wanaoulalamikia wanapofanyiwa na wachapishaji wa London. Mtu aliyetoka Kenya mwaka 1968 alifungiwa mlango na Uingereza. Hasira yake iko kwingine kabisa. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam aliyepoteza ghorofa mwaka 1971 mara nyingi bado anamheshimu Nyerere, huku akimlaumu, na anaweza kufanya yote mawili katika sentensi moja. Hata neno Wahindi linafunika Wagoa, Mabohora, Waismailia, Makalasinga na Wapatel, ambao huko nyumbani kila mmoja alikuwa na shule yake, klabu yake na makaburi yake.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Barua ya anayejitolea haikupaswa kumfikia mfadhili, kwa taarifa wala kwa lolote. Ujira wa nusu haukupaswa kutolewa. Kama fungu limekwisha, mwaliko haupo. Waandishi huambiana wanacholipwa.

Kutorekodi chumba cha chai kuna wanaokulaumu mpaka leo, kwa hoja nzito: wazee wanaondoka, na swali la ufunguo lilitoa mambo ambayo hayamo kwenye hifadhi yoyote. Mimi nasimama na mratibu. Mfadhili asingetaja jina la fundi cherehani mbele ya kamera, na mwanafunzi asingeitaja bangili. Kurekodi kungeweza kuja baadaye, kwa ridhaa ya mmoja mmoja, nyumbani. Mradi huo umeanza, polepole.

Kilichobaki ni vijana wa mlangoni. Tamasha liliwapa wazee lugha yao, likawaacha nje wajukuu ambao ndio wanaonunua vitabu. Kamati ya sasa inapendekeza mkalimani wa kunong'ona, na aliyependekezwa ni msichana aliyezaliwa mjini humo, ambaye Kiswahili chake chote amekipata jikoni kwa bibi yake wa Mwanza. Wamekubaliana kwamba anaifaa kazi hiyo. Hawajakubaliana kama atalipwa.